PICHA UKUTANI NA SWALI LA MTOTO
Kufundisha Historia kwa Kazi za Wachoraji: Mfano wa Napoleon

1. UTANGULIZI

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa la VI tukimwangalia mwanachuo wetu akifundisha historia. Andalio lake la somo lilikuwa safi, ubao ulikuwa umegawanywa vizuri, na juu ya ubao alikuwa ametundika picha kubwa ya rangi aliyoikata katika kalenda ya zamani. Picha ilimwonyesha Napoleon Bonaparte juu ya farasi mweupe aliyeinua miguu ya mbele. Joho la Napoleon lilikuwa linapepea, na mkono wake ulikuwa unaelekeza kileleni. Mwanachuo aliielekezea picha fimbo yake akasema: "Hivi ndivyo Napoleon alivyovuka milima ya Alps mwaka 1800." Watoto wakaitikia kwa pamoja, wakaandika.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma aliponyosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, huyo aliyechora alikuwa amesimama wapi?" Darasa likacheka. Mwanachuo akamwambia aketi na atazame picha. Somo likaendelea mpaka kengele.

Nasi, yafaa tukiri, katika fomu ya tathmini tulimpa mwanachuo huyo alama za juu sana mahali palipoandikwa "Zana". Picha ilikuwa kubwa, ilikuwa na rangi, na ilionekana na darasa zima. Hayo ndiyo tuliyokuwa tumewafundisha wanachuo wayatafute. Jioni yake mwanachuo alitujia akatuuliza: "Yule msichana ningemjibu nini?" Hatukuwa na jibu. Tuliona haya, kwa maana mtoto yule alikuwa ameuliza swali la kwanza analopaswa kuuliza mwanahistoria, na watu wazima watatu, yaani mwanachuo na sisi wakufunzi wawili, tulilipita kama kelele za nje.

Makala haya ni jibu lililochelewa. Tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuitumia picha ya mchoraji mashuhuri kufundishia watu na mageuzi makubwa ya historia, bila ya kuigeuza picha hiyo kuwa ushahidi usioulizwa. Mfano tunaoutumia ni wa Ulaya, lakini njia yenyewe yafaa kwa picha yoyote, hata ile iliyomo katika kitabu cha kiada.

2. PICHA NI ZANA YA NAMNA GANI?

Wanachuo wengi hufikiri kwamba zana zote ni za aina moja. Sivyo. Mwalimu anapoleta darasani mhindi ili kufundisha mbegu, analeta kitu chenyewe. Anapoleta ramani, analeta kipimo cha kitu, nacho kina kanuni zake. Lakini anapoleta picha iliyochorwa na msanii, analeta maneno ya mtu. Mtu huyo aliishi mahali fulani, alilipwa na mtu fulani, aliogopa au alipenda kitu fulani. Picha yake yazungumza, ila yazungumza kwa sauti ya mwenyewe.

Hatari ni kwamba mtoto huiamini picha kuliko maneno. Maneno ya mwalimu huingia sikio moja na huenda yakatokea jingine, lakini picha hukaa. Mtu mzima aweza kusahau tarehe zote alizofundishwa, akamkumbuka farasi mweupe. Kwa hiyo, ikiwa tumemfundisha jambo lisilo kweli kwa picha, tumemfundisha kwa wino usiofutika.

Basi, kwa kila picha ya historia, mwalimu na awazoeze watoto maswali matatu, kwa mpangilio huu:

(a) Unaona nini?
(b) Nani aliichora, lini, na kwa ajili ya nani?
(c) Ni kitu gani hakimo?

Swali la kwanza ni la macho, la pili ni la maarifa, na la tatu ni la akili. Mwalimu asiruke la kwanza kwa haraka ya kufikia la pili, wala asiishie katika la pili akadhani amemaliza.

3. MAARIFA ANAYOPASWA KUWA NAYO MWALIMU

Hakuna njia ya kufundisha inayoweza kuziba pengo la mwalimu asiyejua. Kabla ya kutundika picha, mwalimu hana budi kujua yafuatayo.

3.1 Napoleon na zama zake

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789. Kabla yake mfalme alitawala kwa madai kuwa amepewa mamlaka na Mungu, nao makabaila walisamehewa kodi nyingi ambazo mkulima alilipa. Mapinduzi yalitangaza kwamba watu wote huzaliwa wakiwa huru na sawa. Mfalme Louis XVI aliuawa mwaka 1793. Miaka iliyofuata ilijaa vita na umwagaji damu, na watu wengi wakachoka.

Katika hali hiyo alitokea Napoleon Bonaparte, aliyezaliwa mwaka 1769 katika kisiwa cha Corsica, mwaka mmoja tu baada ya kisiwa hicho kuwa mali ya Ufaransa. Alikuwa afisa wa mizinga. Mwezi wa Novemba 1799 alitwaa serikali kwa nguvu za jeshi, akajiita Konsuli wa Kwanza. Mwezi wa Mei 1800 alivuka milima ya Alps, na tarehe 14 Juni akawashinda Waaustria huko Marengo, Italia. Mwaka 1804 alitoa mkusanyo wa sheria za kiraia ambao ulienea katika nchi nyingi za Ulaya, na mwaka huohuo, tarehe 2 Desemba, alivikwa taji la ukaisari. Mwaka 1808 aliingilia Hispania, mwaka 1812 jeshi lake likaangamia Urusi, na tarehe 18 Juni 1815 akashindwa kabisa huko Waterloo. Alifia katika kisiwa cha Saint Helena mwaka 1821.

Mtoto wa darasa la VI hahitaji tarehe zote hizi. Yatosha aelewe jambo moja: watu walimwondoa mfalme, na baada ya miaka 15 tangu mapinduzi yaanze, wakawa na kaisari. Hapo ndipo historia ya Ulaya ilipogeuka njia mara mbili katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Na mara zote mbili wachoraji walikuwapo na brashi zao.

3.2 Jacques-Louis David na farasi

Aliyeichora picha ile ya kalenda ni Jacques-Louis David (1748–1825). Alikuwa mchoraji mashuhuri kuliko wote katika Ufaransa ya wakati wake, na tena mwanasiasa. Alikuwa mjumbe wa bunge la mapinduzi, na alipiga kura mfalme auawe. Viongozi wenzake wa siasa walipoangushwa mwaka 1794, naye alifungwa. Baadaye akawa mchoraji wa Napoleon. Mwanachuo na aione njia hiyo: mtu aliyemkataa mfalme alikuja kumpamba kaisari.

Picha ya farasi haikuagizwa na Napoleon kwanza. Iliagizwa na Mfalme Charles IV wa Hispania, aliyetaka kuonyesha urafiki wake kwa Ufaransa. David na wasaidizi wake walitoa picha tano za namna hiyo kati ya mwaka 1801 na 1805. Napoleon hakukubali kukaa mbele ya mchoraji ili achorwe. Alitaka tu aonyeshwe akiwa mtulivu juu ya farasi mkali. Chini ya picha, juu ya mawe, David aliandika majina matatu: Bonaparte, Hannibal na Karolus Magnus. Hannibal wa Carthage, mji wa Afrika Kaskazini, alivuka Alps na tembo miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, naye Karolus Magnus alikuwa kaisari wa zama za kati. Maana yake ni wazi: huyu Bonaparte ni wa safu yao.

Je, ilikuwaje hasa? Napoleon alivuka kwa njia ya Grand-Saint-Bernard siku chache baada ya sehemu kubwa ya jeshi lake kupita. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Hakupanda farasi, alipanda baghala aliyeongozwa na mwenyeji wa milima ile. (Baghala ni mnyama azaliwaye na punda na farasi. Wengine humwita nyumbu, lakini mwalimu afundishaye karibu na Serengeti na aangalie, maana watoto watamfikiria nyumbu wa mbugani.) Baghala hatelezi upesi kama farasi, na mtu mwenye busara katika njia ya barafu humchagua huyo. Askari ndio waliokokota mizinga kwa mikono, wakiwa wameitia ndani ya magogo yaliyochongwa. Katika picha ya David askari hao wamo, lakini ni wadogo mno, kwa nyuma, chini ya tumbo la farasi.

Kuna ushahidi mwingine ambao hata mtoto aweza kuugundua mwenyewe. Ukizilinganisha zile picha tano, utaona kuwa rangi ya farasi si moja katika zote, wala rangi ya joho si moja. Katika moja farasi ni wa kahawia, katika nyingine ni mweupe. Mtu mmoja, siku moja, mlima mmoja, lakini farasi si yule yule. Swali la msichana wetu hapa lapata jibu lake: mchoraji hakusimama mahali popote mlimani. Alisimama katika chumba chake mjini Paris.

3.3 Taji, na mama asiyekuwapo

Mwanachuo aweza kusema: "Basi, dawa ni kutafuta mchoraji aliyekuwapo." Dawa hiyo haitoshi, na David mwenyewe ndiye atuonyeshaye. Siku Napoleon alipovikwa taji katika kanisa la Notre-Dame, Paris, David alikuwamo kanisani. Kisha akachora tukio hilo kati ya mwaka 1805 na 1807, katika picha yenye urefu wa karibu mita 10 na kimo cha zaidi ya mita 6, iliyopo sasa katika jumba la Louvre. Ndani yake mna watu zaidi ya 100. Katikati, mahali pa heshima, ameketi mama yake Napoleon akitazama kwa furaha.

Lakini mama huyo hakuhudhuria. Palikuwa na ugomvi katika familia, naye siku ile alikuwa Italia. Kadhalika, David alianza kwa kumchora Napoleon akijivika taji kwa mkono wake mwenyewe, kisha akabadili, akamchora akimvika mkewe Josephine. Papa Pius VII, aliyekuwa ameketi tu katika mchoro wa awali, akainuliwa mkono ili aonekane akibariki.

Mlinganishe na mchoraji mwingine, Paul Delaroche. Yeye alizaliwa mwaka 1797, hivyo Napoleon alipovuka Alps alikuwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Hata hivyo, yapata nusu karne baadaye, Delaroche alimchora Napoleon juu ya baghala, amejikunyata kwa baridi, mwenyeji akiongoza mbele. Picha yake ya mwaka 1850 imo katika jumba la sanaa la Walker huko Liverpool. Hapa pana somo kubwa kwa mwalimu: David alikuwapo kanisani, akamchora mtu asiyekuwapo. Delaroche hakuwapo mlimani, akamchora mnyama aliyekuwapo. Kwa hiyo kuuliza "Alikuwapo?" hakutoshi. Lazima tuulize pia: "Alichora kwa ajili ya nani, na alipata wapi habari zake?"

3.4 Francisco Goya na fanusi

Mfalme Charles IV aliyeagiza picha ya farasi alikuwa na mchoraji wake mkuu nyumbani Hispania, jina lake Francisco Goya (1746–1828), mtu aliyekuwa amepoteza uwezo wa kusikia kwa ugonjwa. Mwaka 1808 urafiki uliopambwa kwa picha ulikwisha. Majeshi ya Napoleon yaliingia Hispania, Charles na mwanawe wakaondolewa katika ufalme, na Joseph, kaka yake Napoleon, akawekwa kuwa mfalme.

Tarehe 2 Mei 1808 watu wa Madrid waliinuka kupigana na askari wa Kifaransa mitaani. Usiku ule na alfajiri ya kesho yake, askari waliwapiga risasi watu waliokamatwa. Mwaka 1814, Wafaransa walipokwisha kufukuzwa, Goya alichora picha mbili za siku hizo. Ile ya tarehe 3 Mei imo katika jumba la Prado, Madrid. Ina urefu wa karibu mita tatu na nusu.

Ndani yake ni usiku. Chini pamewekwa fanusi kubwa, na mwanga wake wamwangukia mtu mmoja mwenye shati jeupe aliyepiga magoti na kuinua mikono yote miwili. Katika kiganja chake cha kulia kuna alama kama ya msumari, na Mkristo aionapo hukumbuka msalaba. Karibu naye wengine wameziba nyuso, na waliokwisha kufa wamelala katika damu. Upande wa pili ni askari, safu moja iliyonyoka, bunduki zimeelekezwa. Nyuso zao hazionekani hata moja.

Mwanachuo na atazame tofauti. Kwa David, mwenye uso ni mtawala, na wasio na uso ni askari wadogo walio nyuma. Kwa Goya, mwenye uso ni mtu ambaye jina lake hatulijui, na wenye nguvu ndio wasio na uso. Napoleon mwenyewe hamo kabisa katika picha ya Goya, lakini bunduki zote ni zake.

Je, basi Goya ndiye msema kweli na David ndiye mwongo? Mwalimu asikimbilie huko. Goya aliichora picha hii miaka sita baada ya tukio, na aliiomba serikali mpya fedha kwa kazi hiyo. Tena, wakati Joseph anatawala, Goya alikuwa amepokea nishani kutoka kwake, hivyo mwaka 1814 alikuwa na sababu ya kuonyesha kwamba moyo wake ulikuwa upande wa nchi yake. Picha yake ni ushahidi mzito wa maumivu ya watu, lakini nayo ni maneno ya mtu. Tunamheshimu msanii kwa kumhoji, kama tunavyomheshimu shahidi barazani.

4. ANDALIO LA SOMO

Somo hili ni la vipindi viwili vya dakika 40, kwa darasa la VI au la VII.

Shabaha: Mwanafunzi aweze (i) kueleza kwa maneno yake jinsi picha mbili zinavyomwonyesha Napoleon na utawala wake kwa namna tofauti, (ii) kuuliza maswali matatu juu ya picha yoyote ya historia.

Zana: Kikombe kimoja chenye mkono na ufa mdogo mdomoni, michoro ya picha mbili au tatu, karatasi na penseli.

Mwalimu asiseme hana picha za rangi. Akipata picha ndogo katika kitabu, aigawe kwa miraba midogo kwa penseli hafifu, kisha achore miraba mikubwa yenye idadi ileile juu ya karatasi ya manila, na kunakili mraba kwa mraba kwa mkaa. Si lazima awe fundi wa kuchora. Kazi hiyo yenyewe itamfanya aione picha kuliko alivyoiona alipoitazama tu.

KIPINDI CHA KWANZA

Hatua ya 1: Kikombe (dakika 10). Weka kikombe juu ya meza katikati ya darasa. Kila mtoto akichore kutoka pale alipoketi, bila kuhama. Kisha chagua michoro minne ya pande nne, uitundike. Mmoja utakuwa na mkono wa kikombe upande wa kulia, mwingine upande wa kushoto, na mwingine hautakuwa na mkono kabisa. Uliza: "Nani amesema uongo?" Watoto watajadiliana mpaka waone kwamba hakuna aliyesema uongo, kila mmoja alisimama mahali pake.

Hatua ya 2: Kikombe cha duka (dakika 5). Waambie: "Sasa mwenye duka anataka picha ya kikombe hiki ili apate wanunuzi. Mchoreeni." Utaona kwamba ule ufa utatoweka katika karatasi nyingi bila wewe kusema neno. Uliza: "Ufa umekwenda wapi?" Watoto watacheka, na katika kicheko hicho wamekwisha kuielewa nusu ya somo.

Hatua ya 3: Picha ya David (dakika 20). Itundike bila kusema ni nani. Swali la kwanza: "Unaona nini?" Andika majibu yote ubaoni, hata yale madogo, kama upepo, mawe na mkia wa farasi. Kisha toa maarifa ya 3.1 na 3.2 kwa maneno mafupi. Mwisho weka picha ya baghala kando yake.

Hatua ya 4: Kukazia (dakika 5). Watoto wamalizie sentensi hii daftarini: "David alimchora Napoleon juu ya farasi kwa sababu..."

KIPINDI CHA PILI

Hatua ya 1: Marudio (dakika 5). Rudia maswali matatu kwa mdomo.

Hatua ya 2: Picha ya Goya (dakika 15). Hapa mwalimu awe na tahadhari. Picha hii ina damu na kifo, na huenda darasani mkawa na mtoto aliyekimbia vita au aliyefiwa karibuni. Si lazima mchoro wako uonyeshe maiti. Fanusi, mtu wa shati jeupe na migongo ya askari vyatosha. Usimlazimishe mtoto yeyote kuigiza mtu anayeuawa. Uliza: "Nyuso za nani zinaonekana? Za nani hazionekani? Kwa nini?"

Hatua ya 3: Kulinganisha (dakika 15). Chora ubaoni jedwali lenye safu mbili, David na Goya, na mistari mitatu ya maswali yetu. Watoto wajaze kwa vikundi.

Hatua ya 4: Tathmini (dakika 5). Kila kikundi kitunge swali moja ambalo kingependa kumwuliza mchoraji mmojawapo. Tathmini ya somo hili ni ubora wa maswali ya watoto, si wingi wa majibu.

5. SWALI LA TATU: KITU GANI HAKIMO?

Swali hili ndilo gumu, na ndilo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Katika picha zote za David tulizozitaja, jambo moja la Napoleon halimo. Mwaka 1794 bunge la mapinduzi lilikuwa limefuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Tarehe 20 Mei 1802, Napoleon akiwa Konsuli wa Kwanza, sheria ilitolewa ya kuudumisha na kuurudisha. Watu wa Haiti walikataa, wakapigana, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru wao. Ni mwaka uleule wa taji la Notre-Dame.

Nasi tuna sehemu yetu katika habari hiyo. Katika karne ya 18 Wafaransa walinunua watumwa Kilwa ili wakalime katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Mabwana wa mashamba wa visiwa hivyo walikataa kuitekeleza amri ya 1794, na sheria ya 1802 iliwapa walichokitaka. Mauritius ilitekwa na Waingereza mwaka 1810 katika vita hivyohivyo vya Napoleon.

Kwa hiyo mtoto wa Kilwa atazamapo farasi wa David hatazami jambo la ugenini tupu. Mwalimu akimfundisha kuuliza "Nani hamo?", huenda akagundua kwamba asiyemo ni babu wa babu yake.

6. MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kutundika picha kama pambo. Picha isiyoulizwa swali ni bora isitundikwe.

La pili ni kusema "Picha zote ni uongo." Mtoto akiambiwa hivyo ataacha kutazama. Picha ya David ni ushahidi mzuri sana, ila si wa jinsi Napoleon alivyovuka mlima. Ni ushahidi wa jinsi mtawala alivyotaka kuonekana. Mwalimu afundishe ushahidi huo ni wa jambo gani.

La tatu ni kumaliza kila kitu kwa hotuba. Mwalimu aliyesoma makala haya atatamani kumwaga yote kwa dakika 40. Na achague machache, ayapumzishe.

La nne ndilo letu sisi wakufunzi: kumpima mwanachuo kwa ukubwa na rangi za zana zake. Tangu siku ile, katika fomu zetu, mahali pa "Zana" tumeongeza mstari mmoja kwa mkono: "Je, watoto waliiuliza nini?"

7. HITIMISHO

Yule msichana wa dawati la nyuma hatukumwona tena. Mazoezi yalikwisha, nasi tukarudi chuoni. Tungependa kumwambia kwamba mchoraji alikuwa amesimama Paris, mbali na mlima, karibu na wenye nguvu, na kwamba kulijua hilo ndiko kuijua historia. Hatukuweza kumwambia. Lakini katika kila shule mtakayopangiwa, ndugu wanachuo, yumo mtoto kama yeye. Atanyosha mkono wakati kengele iko karibu kulia, na swali lake litaonekana la kuchekesha. Msimwambie aketi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya ramani na picha ya msanii kama zana za kufundishia.
2. "Mchoraji aliyekuwapo ndiye wa kuaminiwa." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa David na wa Delaroche.
3. Chagua picha moja katika kitabu cha historia unachokitumia. Andika majibu ya maswali matatu tuliyoyatoa katika sehemu ya 2.
4. Tayarisha hatua ya kwanza ya somo ukitumia kitu kingine badala ya kikombe, kinachopatikana kijijini kwenu.